Betri ya mota ya mtumbwi: jinsi ya kuitunza ili idumu

Somo kwa kamati za maendeleo za parokia na vigango vilivyo kando ya ziwa, na kwa wafadhili wanaosaidia vikundi vya wavuvi



Katika miaka ya karibuni mota ndogo za umeme zimeanza kutumika kwenye mitumbwi ya Ziwa Victoria. Hazina moshi, hazina kelele, na hazihitaji petroli. Kikundi chenye paneli za jua kinaweza kuvua bila kukopa fedha za mafuta kwa mchuuzi wa samaki, kisha kulazimika kumuuzia samaki kwa bei anayoitaka yeye. Kwa sababu hiyo baadhi ya parokia zimeanza kuuliza kama mota hizi zinafaa kuingizwa katika miradi ya vikundi vya wavuvi.

Jibu letu ni kwamba zinafaa kwa wavuvi wa karibu na mwalo, wenye mitumbwi midogo, kwa sharti moja: kikundi kijue kutunza betri. Mota yenyewe ni imara na haina vipuri vingi vya kuharibika. Kinachokufa mapema ni betri. Betri iliyotumiwa vibaya inaweza kuharibika katika miezi michache, na hapo mota hutundikwa stoo, wavuvi hurudi kwenye deni la petroli, na mfadhili huambiwa kwamba mradi umeshindwa. Betri ya aina ile ile ikitunzwa vizuri inaweza kufanya kazi kwa miaka.

Somo hili linaeleza kwa nini betri hufa na mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya ili idumu. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, kipengele kimoja kimoja, huku betri yenyewe ikiwa mbele ya wanakikundi.

1. Mota na betri zinavyofanya kazi pamoja

Mota tunazozizungumzia ni zile zinazofungwa nyuma ya mtumbwi na kuendeshwa kwa betri ya volti 12. Zilianzia Marekani. Mwaka 1934 O. G. Schmidt wa mji wa Fargo alitengeneza mota ya namna hii kwa ajili ya wavuvi wa ndoano waliotaka kwenda polepole bila kuwatisha samaki. Kwa hiyo tangu mwanzo zilitengenezwa kwa mwendo wa polepole. Anayetaka kukimbia nazo kama injini ya petroli hulipia mwendo huo kwa betri.

Uwezo wa betri huandikwa ubavuni kwa ampea-saa, kwa alama Ah. Betri ya Ah 100 maana yake ni kwamba inaweza kutoa ampea 5 kwa muda wa saa 20. Lakini haiwezi kutoa ampea 50 kwa saa 2 kamili. Kadiri unavyoivuta kwa nguvu, ndivyo jumla ya umeme inayotoa inavyopungua. Jambo hili lilielezwa na Mjerumani aitwaye Peukert mwaka 1897, na ni kweli kwa betri zote za risasi hadi leo.

Mota ya kawaida yenye msukumo wa ratili 55 (karibu kilo 25) hula ampea 50 hivi inapoendeshwa kwa nguvu zote. Kumbukeni namba hiyo, kwa kuwa tutairudia.

2. Chagueni betri inayostahili kazi

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Betri ya gari imetengenezwa ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja na dainamo. Mabamba yake ya risasi ni membamba. Ukiitumia kuendesha mota kwa saa nyingi hadi iishe, mabamba hayo huchakaa upesi sana.

Kinachotakiwa ni betri ya kazi ya muda mrefu, yenye mabamba manene, ambayo wauzaji wengi huiita betri ya sola au "deep cycle". Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa:

a) Ubavuni pawe pameandikwa Ah. Betri iliyoandikwa nguvu ya kuwashia injini peke yake haifai.

b) Iinueni. Betri ya kweli ya risasi ya Ah 100 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Ikiwa nyepesi mno, risasi ndani yake ni kidogo kuliko inavyodaiwa.

c) Pimeni volti zake hapo hapo dukani. Betri mpya iliyokaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa tayari imeanza kuharibika. Ikisoma chini ya volti 12.4, ombeni nyingine.

d) Mkihitaji betri mbili, nunueni siku moja, za aina moja na ukubwa mmoja. Betri mpya ikifungwa pamoja na ya zamani, ile ya zamani huivuta mpya chini.

3. Kanuni ya nusu

Hii ndiyo kanuni kuu ya somo zima: betri ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu ya uwezo wake. Betri ya Ah 100 ihesabiwe kuwa na Ah 50 za matumizi. Nusu iliyobaki ni akiba ya kurudi nyumbani upepo ukibadilika.

Wavuvi wengi watauliza, kwa nini tuache nusu wakati tumeilipia yote? Fikirini ng'ombe wa jembe. Ukimlimisha hadi aanguke kila siku, hatamaliza msimu. Ukimpumzisha na kumlisha, atalima miaka. Betri inayoishiwa kabisa kila siku hutoa safari chache. Inayotumiwa hadi nusu hutoa safari nyingi zaidi, mara nyingi karibu maradufu. Gharama ya kila safari hushuka ingawa betri ni ile ile.

Ili kujua nusu iko wapi, kila kikundi kiwe na mita ya umeme. Ni kifaa cha bei ndogo na hupatikana katika maduka ya vifaa vya umeme. Betri ipimwe ikiwa imepumzika saa kadhaa, bila mota wala chaja. Vipimo vya betri ya risasi ya volti 12 ni hivi:

- Volti 12.7: imejaa.
- Volti 12.4: imebaki robo tatu.
- Volti 12.2: imebaki nusu. Hapa ndipo mwisho wa matumizi.
- Volti 12.0: imebaki robo. Mmeshapita mpaka.
- Volti 11.9 au chini: imekwisha. Ichajiwe bila kuchelewa.

Mota ikiwa inazunguka, volti hushuka kwa muda, kisha hupanda tena ikizimwa. Msishtuke kwa hilo. Kipimo cha kuaminika ni kile cha betri iliyopumzika.

4. Mwendo ndio unaokula betri

Mvuvi anaweza kudhani kwamba akipunguza mwendo kidogo ataokoa umeme kidogo. Sivyo. Majini, nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe. Ili kwenda mara mbili ya mwendo, mtumbwi unahitaji nguvu karibu mara nane. Kwa upande mwingine, ukipunguza mwendo kwa sehemu moja tu kati ya tano, matumizi ya umeme hushuka hadi karibu nusu.

Tuchukue ile mota ya ampea 50 na betri ya Ah 100, tukifuata kanuni ya nusu:

- Kwa nguvu zote: Ah 50 zitakwisha kwa saa moja, na kwa kweli chini ya hapo, kwa sababu betri inavutwa kwa nguvu.
- Kwa mwendo wa sehemu sita kati ya kumi: mota itakula karibu ampea 11. Ah 50 zitadumu saa nne na nusu hivi.

Katika hali ya pili mtumbwi uko taratibu, lakini utafika mbali zaidi ya mara mbili na nusu ya hali ya kwanza kabla ya kufikia nusu ya betri. Wahenga waliposema polepole ndiyo mwendo, walisema neno linalofaa kabisa kwa mota ya umeme.

Angalizo: hesabu hii ni ya mota ambazo mwendo wake hupandishwa na kushushwa bila hatua, kwa kuzungusha mkono. Mota za bei ndogo zenye hatua tano hupunguza mwendo kwa kupoteza umeme kama joto, hivyo faida yake katika mwendo mdogo si kubwa kiasi hicho. Mkiwa na uwezo wa kuchagua, chagueni ile isiyo na hatua.

Tumieni pia upepo ambao Mungu ameutoa bure. Wavuvi wa tanga wanajua kwamba usiku na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana huvuma kutoka ziwani kurudi nchi kavu. Anayetoka alfajiri na kurudi alasiri husukumwa mara zote mbili. Anayetoka mchana hupambana na upepo kwa betri yake. Tanga dogo na makasia vibaki mtumbwini hata baada ya mota kununuliwa.

5. Umeme unaopotea njiani

Kabla umeme haujafika kwenye maji, sehemu yake inaweza kupotea mtumbwini. Kagueni mambo manne.

Waya. Waya mwembamba hupasha joto na kupoteza nguvu. Tuseme betri iko mbele na mota iko nyuma, umbali wa mita 5. Waya wa shaba wa milimita mraba 6 hupoteza karibu volti 1.5 mota ikila ampea 50. Waya wa milimita mraba 25 hupoteza karibu volti 0.35 tu. Mkigusa waya baada ya safari na kuhisi moto, ni mwembamba mno. Wekeni betri karibu na mota kadiri uzito wa mtumbwi unavyoruhusu, na mtumie waya mnene.

Maungio. Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Ondoeni waya, sugueni kwa brashi, osheni kwa maji yenye magadi kidogo bila kuruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri, kausheni, kazeni, kisha pakeni grisi juu. Wavuvi wa pwani, wenye maji ya chumvi, wafanye hivi mara nyingi zaidi.

Propela. Uzi wa nyavu na magugu maji hujizungusha kwenye propela (pangaboi). Mota huendelea kuzunguka lakini kwa taabu, ikila umeme zaidi. Kila mnaporudi mwaloni, inueni mota, ondoeni takataka, na kagueni kama propela imepasuka.

Mtumbwi. Maji yaliyotuama ndani ni mzigo, na ukoga chini ya mtumbwi huvuta maji. Kuchota maji na kusugua mtumbwi ni njia ya bei ndogo kuliko zote ya kuongeza muda wa betri.

Pia hakikisheni kuna fyuzi karibu na betri. Haiongezi muda, lakini huzuia moto waya zikigusana.

6. Kuchaji: siku ile ile, na hadi ijae

Betri ya risasi hufa zaidi kwa kuachwa tupu kuliko kwa kazi. Inapotumika, unga wa chumvi ya risasi hujitengeneza juu ya mabamba. Ikichajiwa mapema, unga huo huyeyuka na kurudi katika asidi. Ikiachwa siku nyingi, unga hugeuka kuwa gamba gumu lisiloyeyuka tena, na sehemu hiyo ya betri imepotea moja kwa moja. Kwa hiyo betri iliyorudi kutoka ziwani iwekwe kwenye chaja siku ile ile, hata kama imetumika kidogo na hata kama kesho hakuna safari.

Jambo la pili ni kuijaza kabisa. Betri hupokea sehemu kubwa ya chaji haraka, lakini sehemu ya tano ya mwisho huingia polepole na huhitaji saa kadhaa. Katika vibanda vya kuchajia wenye haraka huiondoa kabla ya sehemu hiyo. Betri inayoondolewa kila siku kabla haijajaa huota lile gamba kidogo kidogo. Walau mara moja kwa wiki ibaki kwenye chaja hadi ijae kabisa.

Chaja isiwe na nguvu kupita kiasi. Kwa betri ya Ah 100, ampea 10 hadi 20 zinatosha. Chaja nzuri hupanda hadi volti 14.4 au zaidi kidogo, kisha hushuka yenyewe hadi karibu volti 13.6 betri ikijaa. Betri zilizofungwa zisizoongezwa maji zina kiwango chao, kisomeni ubavuni.

Kwa wanaotumia jua, hesabu ni hii. Mkitumia Ah 50, mnahitaji kurudisha karibu Ah 58, kwa kuwa kuchaji nako kuna upotevu. Hiyo ni kama wati-saa 700. Paneli ya wati 200, katika siku yenye saa tano za jua kali, hutoa kiasi hicho baada ya kuhesabu joto, vumbi na upotevu wa waya. Paneli ya wati 100 itahitaji siku mbili. Mradi ulionunua mota kubwa na paneli ndogo umepanga kuiua betri tangu siku ya kwanza, hata kama wavuvi ni waangalifu. Tunaomba kamati na wafadhili walitazame jambo hili kabla ya kusaini ankara yoyote. Pia lazima pawe na kidhibiti chaji kati ya paneli na betri.

7. Maji, kivuli na usafi

Betri zenye vifuniko hupoteza maji zinapochajiwa. Zifungulieni mara moja kwa mwezi. Mabamba yawe yamefunikwa na maji. Yakipungua, ongezeni maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, baada ya kuchaji na si kabla. Zingatieni sana: duka hilo hilo huuza pia asidi ya betri katika chupa inayofanana. Asidi haiongezwi kamwe. Someni maandishi ya chupa kabla ya kumimina. Maji ya ziwa au ya kisima yana chumvi inayoharibu mabamba.

Joto ni adui. Kwa makadirio, kila nyuzi joto 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha ya betri hadi karibu nusu. Isiachwe juani mwaloni wala chini ya bati bila hewa. Jengeeni sanduku la mbao lenye matundu na kifuniko, na mtumbwini lifungwe lisiteleze.

Chumba cha kuchajia kiwe na madirisha. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, hivyo sigara, kibatari na jiko visikaribie. Atakayeshughulika na asidi avae miwani na glavu. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi mara moja, na ikiingia machoni aendelee kuoshwa huku akipelekwa zahanati. Watoto wasiingie katika chumba hicho.

8. Je, tununue betri ya lithiamu?

Swali hili huulizwa sana. Betri za lithiamu aina ya chuma na fosfeti ni ghali zaidi wakati wa kununua, lakini zinaweza kutumiwa hadi robo tatu au zaidi ya uwezo wake bila madhara makubwa, na zile zilizotengenezwa vizuri hudumu safari 2,000 na zaidi. Ile ya Ah 100 ina uzito wa kilo 11 hadi 13 tu, jambo lenye maana kwa mama au kijana anayeibeba kutoka mwaloni hadi nyumbani.

Lakini zina masharti yake. Lazima chaja na kidhibiti viwe vya lithiamu. Vipimo vya volti tulivyoorodhesha hapo juu havifai kwake, kwa sababu volti zake hubaki karibu palepale hadi karibu na mwisho. Halafu hujizima ghafla ili kujilinda. Kwa hiyo mtumie kipimo kinachohesabu ampea-saa zilizotumika. Betri isiyojulikana imetoka wapi na isiyo na dhamana isinunuliwe hata ikiwa rahisi.

Ushauri wetu: kikundi kipya kianze na betri ya risasi, kijifunze nidhamu ya daftari, na kijiwekee akiba. Betri ya pili inaweza kuwa ya lithiamu, ikinunuliwa kwa fedha zao wenyewe.

9. Usalama ziwani

Betri iliyokwisha nchi kavu ni hasara. Betri iliyokwisha katikati ya maji mbele ya dhoruba ni hatari ya uhai. Kila mtumbwi wenye mota ya umeme uwe na sheria hizi bila kuzijadili upya kila siku:

- Makasia yawemo daima, na kila aliyemo avae jaketi la kujiokolea.
- Kama mmeondoka na betri iliyojaa, mgeuke mkiwa mmetumia robo ya uwezo wake, ili robo nyingine iwarudishe na nusu ibaki.
- Taa za kuvulia dagaa ziwe na betri yake peke yake. Zikichangia betri ya mota, usiku mzima wa taa unaweza kuwanyima nguvu ya kurudi.
- Mtu aliyebaki mwaloni ajue mmeelekea wapi na mtarudi saa ngapi.

10. Betri iliyokufa isiwe sumu kwa watoto

Hata betri iliyotunzwa ina mwisho wake. Isivunjwe nyumbani ili kutoa risasi ya kutengenezea vyuzi vya nyavu, na asidi isimwagwe ufukweni. Risasi huingia mwilini kwa vumbi na moshi, na huharibu akili za watoto hata ikiwa kidogo.

Tunao mfano wa karibu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014, na risasi ikaingia katika damu ya wakazi, wakiwamo watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha Desemba 2024. Fidia haiwezi kumrudishia mtoto afya aliyoipoteza.

Irudisheni betri nzima kwa muuzaji mnapochukua mpya, au kwa mnunuzi mwenye kibali. Betri chakavu ina bei. Fedha hizo ziingie katika mfuko wa betri, na kiasi chake kiandikwe.

11. Daftari na mfuko wa betri

Yote tuliyoeleza hayatafanyika kama hayana mwenyewe. Betri ya wote huwa si ya mtu. Kamati imteue mtunza betri mmoja na msaidizi wake, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke anayebaki mwaloni wakati mitumbwi imetoka. Wapewe mita, brashi, funguo za chumba na daftari lenye safu sita: tarehe, jina la nahodha, volti wakati wa kutoka, volti baada ya kurudi na kupumzika, saa ya kuanza kuchaji, na fedha zilizolipwa. Nahodha akirudisha betri ikiwa chini ya volti 12.2, alipe faini ndogo iliyokubaliwa na wote, isipokuwa kama ilikuwa ni kwa ajili ya kuokoa maisha.

Sasa hesabu ya fedha. Tuseme betri imenunuliwa kwa shilingi 400,000. Kikundi cha kwanza kinaimaliza kabisa kila safari na kuichaji kinapokumbuka, nayo inakufa baada ya safari 150. Kila safari imegharimu karibu shilingi 2,670. Kikundi cha pili kinafuata kanuni ya nusu na kuchaji siku ile ile, nayo inafikisha safari 450. Kila safari imegharimu karibu shilingi 890.

Kila kikundi kikiweka shilingi 1,000 kwa safari, cha pili kitakuwa na shilingi 450,000 betri inapokufa. Kitanunua nyingine bila kumwomba mtu. Cha kwanza kitakuwa na shilingi 150,000 tu, na kitaandika barua ya kuomba msaada. Bei za kwenu zitatofautiana na mfano huu. Wekeni namba zenu, kisha mpange kiasi cha mchango ambacho kitatosha kabla betri haijafa.

Kwa marafiki wetu wafadhili tunasema hivi. Mnapopokea andiko la mradi wa mota, ulizeni paneli ina wati ngapi, waya una unene gani, nani atashika daftari, na mfuko wa betri utaanza lini. Andiko lisilo na majibu hayo lirudishwe kwa upole likamilishwe. Fedha kidogo za mita, waya mnene na siku mbili za mafunzo zitalinda fedha nyingi zilizowekwa kwenye mota. Na mnapotembelea mradi, baada ya kupiga picha na mtumbwi, ombeni kuliona daftari.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Hapa kwetu betri za taa, simu na mota hufa baada ya muda gani? Tunadhani sababu ni nini kati ya zile zilizotajwa?

2. Chukueni betri moja iliyopumzika na mita. Kila mwanakikundi aipime na kusema imebaki kiasi gani.

3. Kutoka mwaloni kwetu hadi tunapovua ni saa ngapi kwa mwendo wa taratibu? Je, robo ya betri inatosha kutufikisha huko?

4. Nani anafaa kuwa mtunza betri, na tutamlipa nini kwa kazi yake?

5. Mchango wa kila safari uwe shilingi ngapi ili tuweze kununua betri nyingine kwa fedha zetu?

6. Betri zilizokufa katika kijiji chetu ziko wapi sasa? Watoto wanazigusa?

Kamati itakayomaliza somo hili iandike maazimio yake katika ukurasa wa kwanza wa daftari la betri, isainiwe na wanakikundi wote, na iyapitie upya baada ya miezi mitatu. Tunawatakia kazi njema na kurudi salama mwaloni.